Bustani ya Hans: Kanisa na Saa za Watoto

Tarehe 19 Juni 1530 Martin Luther alikuwa katika ngome ya Coburg. Huko Augsburg wenzake walikuwa wakimalizia hati ya Ungamo ambalo siku sita baadaye lingesomwa mbele ya Kaisari, na ambalo mpaka leo mchungaji wa Kilutheri huahidi kulishika siku ya kubarikiwa kwake. Luther mwenyewe hakuweza kwenda. Alikuwa chini ya marufuku ya dola, na nje ya mipaka ya mtawala aliyemlinda angeweza kukamatwa wakati wowote. Tena alikuwa na msiba: wiki mbili tu zilikuwa zimepita tangu apate habari za kifo cha baba yake. Katika hali hiyo alichukua kalamu akamwandikia mwanawe Hans, aliyekuwa ametimiza miaka minne mwezi huohuo.

Barua hiyo haina neno lolote kuhusu Kaisari. Inaeleza bustani nzuri aliyoiona baba, yenye watoto wengi waliovaa makoti ya dhahabu. Wanaokota matunda chini ya miti, wanaimba, wanarukaruka, na wana farasi wadogo wenye hatamu za dhahabu na matandiko ya fedha. Luther anamwuliza mwenye bustani kama Hans wake anaweza kuingia. Anajibiwa kwamba aje, na awalete rafiki zake Lippus na Jost. Humo wametengewa filimbi na ngoma, uwanja wa kucheza, na pinde ndogo za kulengea shabaha. Chuoni tulifundishwa Ungamo la Augsburg kwa muhula mzima, na barua hii kwa dakika kama kumi hivi. Nadhani vipimo hivyo vilikuwa vya haki, lakini miaka inavyokwenda najikuta nairudia barua zaidi.

Tusimpambe Luther, hata hivyo. Mwenye bustani anaweka sharti: mtoto apende kusali, ajifunze, awe na tabia njema. Hata pale Coburg mzazi ni mzazi. Lakini tazama anachoahidi. Hakumwahidi Hans cheo, wala kiti cha mbele darasani. Alipotafuta namna ya kumwonyesha mtoto wa miaka minne jinsi mbingu zinavyofanana, aliona watoto wanaocheza.

Na hili halikuwa wazo la kupita. Mwaka 1524, katika waraka wake kwa madiwani wa miji ya Ujerumani akiwasihi wafungue shule, Luther alijibu wazazi waliodai kwamba hawawezi kuwakosa watoto nyumbani. Alisema kwamba mpango wake ni mtoto akae shuleni saa moja au mbili kwa siku, muda unaobaki afanye kazi nyumbani na kujifunza ufundi. Akaongeza kwamba muda huo si mwingi, kwani wavulana hutumia mwingi kuliko huo kwenye gololi, mpira, mbio na mieleka. Saa moja au mbili! Mtu aliyesema hivyo ndiye tunayemwita baba wa shule zetu. Yeye mwenyewe alikumbuka kuchapwa mara 15 asubuhi moja alipokuwa mwanafunzi, akaziita shule za utoto wake jehanamu. Aliamini kwamba mtoto ameumbwa na furaha ya kurukaruka, na shule yenye akili haishindani na furaha hiyo.

Miaka 36 baada ya waraka huo, mchoraji Pieter Bruegel wa Flanders alichora picha ambayo sasa iko Vienna. Inaonyesha watoto zaidi ya 200 wamejaza njia za mji, wakicheza michezo zaidi ya 80. Mwenye kupenda kuhesabu ataona humo mambo anayoyajua: kuendesha ringi, kubebana mgongoni, kucheza harusi. Mtu mzima ni wa kutafuta kwa tochi.

Sasa, ni nini kilitokea kati ya bustani ya Hans na ratiba iliyobandikwa kwenye friji ya nyumba nyingi za Wakristo leo? Wengi watajibu kwa haraka: simu, televisheni, maisha ya mjini. Hayo yamo. Lakini sehemu ya jibu iko katika historia yetu wenyewe, na sisi Walutheri tuna wajibu wa kuisimulia bila kuificha.

Mwaka 1695 mchungaji August Hermann Francke alianza shule ya watoto maskini huko Glaucha, pembeni mwa mji wa Halle. Alianza na fedha kidogo zilizodondoshwa kwenye kisanduku cha sadaka, na mwaka 1698 aliweka jiwe la msingi la jengo kubwa la yatima. Palikua pakawa kama mji: shule za kila daraja, duka la dawa, kiwanda cha kuchapa Biblia kwa bei ambayo maskini angeweza kuimudu. Mimi namheshimu mtu huyu. Yatima waliokuwa wakizurura walipata mkate, kitanda na Neno. Kutoka Halle walitoka Bartholomäus Ziegenbalg na Heinrich Plütschau waliofika Tranquebar, India Kusini, mwaka 1706.

Na huko Halle kucheza kulikatazwa. Francke aliona mchezo kuwa upotevu wa wakati ambao Mungu ataudai hesabu, na kwamba moyo wa mtoto ukiachwa wazi shetani huingia. Siku iligawanywa tangu alfajiri hadi usiku kwa sala, masomo na kazi, na mwalimu alikuwepo kila mahali. Mapumziko yalikuwepo, lakini nayo yalipaswa kuzaa kitu: kuchonga mbao kwa mashine, kusugua vioo vya lenzi, kutembelea mafundi, kujifunza majina ya mimea. Ukiisoma orodha hiyo leo unaweza kudhani ni tangazo la shule ya kisasa yenye vilabu vingi. Vyote ni vizuri. Kinachokosekana ni saa moja tu ambayo mtoto mwenyewe ndiye anayeamua itumikeje.

Halle haikuwa peke yake. John Wesley alipofungua shule yake ya Kingswood, Uingereza, mwaka 1748, watoto waliamka saa kumi alfajiri, na katika utaratibu wao hapakuwa na siku ya kucheza wala likizo.

Halle iko mbali, lakini njia ya kutoka huko hadi kwetu ni fupi kuliko tunavyodhani. Kazi ya Tranquebar ndiyo iliyopokelewa baadaye na Misioni ya Leipzig, na Misioni ya Leipzig ndiyo iliyofika Machame, Kilimanjaro, mwaka 1893. Sisemi kwamba wamisionari walifika na kanuni za Francke mfukoni. Walifika na kengele. Na kengele ilileta jambo jipya kabisa katika maisha ya mtoto: siku iliyokatwa vipande, kila kipande na shughuli yake, na mtu mzima anayejua mtoto anapaswa kuwa wapi.

Kabla ya kengele mtoto hakuwa mvivu, na tusijidanganye kwamba alikuwa huru kama ndege. Alichunga mbuzi, aliteka maji, alibeba mdogo wake mgongoni; msichana alifanya kazi kuliko kaka yake. Ila mchezo uliota katikati ya kazi hizo kama majani kati ya mawe. Mbuzi wanapokula, wachungaji wadogo wana saa nzima. Njia ya kwenda mtoni ina kona zake. Otto Raum, mtoto wa mmisionari wa Leipzig, alichapisha mwaka 1940 kitabu kinachoitwa Chaga Childhood kuhusu malezi ya watoto wa Kichaga, na ndani yake aliupa mchezo nafasi kubwa. Aliona kwamba mtoto anapoigiza baba na mama, haigi kama kasuku. Anachukua vipande vichache vya maisha ya wakubwa ambavyo ameruhusiwa kuvijua, kisha anajenga navyo jamii nzima ya kubuni. Kujenga huko hakuna mtu mzima aliyekuagiza.

Wasomaji wa umri wangu wanajua nasema nini. Chukua kombolela. Kopo moja katikati ya uwanja, mmoja analilinda na kuhesabu, wengine wanajificha nyuma ya nyumba na kwenye migomba. Kila anayeonekana anatajwa jina na kuwekwa kando kama mateka. Wanaweza kukamatwa karibu wote. Kisha yule mmoja aliyebaki, mara nyingi mdogo kuliko wote, anatoka mbio kutoka mahali ambapo hakuna aliyepadhania, analipiga teke kopo, na wote wako huru. Sikio la Mswahili linasikia kukomboa ndani ya jina la mchezo huo. Nimehubiri ukombozi miaka mingi, na sijapata mfano ambao watoto wanauelewa haraka kuliko huo. Shida ni kwamba siku hizi inanibidi kwanza niueleze mchezo.

Kombolela haikuwa na mwamuzi. Ubishi ulichukua nusu ya muda: umeniona, hujaniona, ulitaja jina la mwenye shati jekundu na tumebadilishana mashati. Anayedhulumu kila siku hakuitwa kesho. Anayesusa alibembelezwa mara mbili, ya tatu aliachwa. Hapo watoto walijifunza kutunga sheria, kuivunja, kuomba msamaha na kurudi, na hakuna mzazi aliyeandika ripoti.

Katika historia ya Kanisa yupo mmoja aliyeona uzito wa mambo haya na kuyajengea mahali. Friedrich Fröbel alizaliwa mwaka 1782 huko Thuringia, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri. Mama yake alifariki yeye akiwa bado hajatimiza mwaka. Mwaka 1837, katika mji wa Blankenburg, alianzisha mahali pa watoto wadogo ambapo mchezo ndio ulikuwa kazi, na mwaka 1840 alipapa jina la bustani ya watoto. Serikali ya Prussia ilizipiga marufuku bustani hizo mwaka 1851, ikizishuku kwamba zinafundisha ukafiri na ujamaa. Fröbel alifariki mwaka uliofuata, na marufuku iliondolewa mwaka 1860. Ndiyo mizizi ya shule zetu za chekechea. Nenda leo katika chekechea nyingi za mijini, zikiwemo zilizo kwenye viwanja vya makanisa, ukamwone mtoto wa miaka minne, umri wa Hans, akirudi nyumbani na kurasa tatu za kuandika.

Hapa kwetu mambo yalifuata mkondo wake. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote katika miaka ya 1970 ulijaza madarasa, lakini nafasi za sekondari zilibaki chache mno, na mtihani wa darasa la saba ukawa mlango mwembamba ambao familia nzima iliusukuma. Tuisheni ilizaliwa hapo, kwa hofu ya wazazi na mishahara midogo ya walimu. Baadaye zikaja shule binafsi za Kiingereza, ambazo Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilizifungulia njia pana. Kanisa halikubaki nyuma. Tulijenga, na tulijenga vizuri. Miaka ya karibuni Baraza la Mitihani limeacha kutangaza orodha ya shule kumi bora. Mabango yetu barabarani hayajaacha.

Matokeo yake mnayajua kuliko mimi, maana ninyi ndio mnaowavalisha viatu wakiwa bado wamelala. Katika jiji kama Dar es Salaam basi la shule hupita saa kumi na moja alfajiri ili liwahi foleni, na kumrudisha mtoto jua likizama. Usiku kuna kazi za nyumbani. Jumamosi ni masomo ya ziada asubuhi, mchana kipaimara. Jumapili ni shule ya Jumapili, na baada ya ibada mazoezi ya kwaya ya watoto kwa ajili ya mashindano ya jimbo. Likizo ni kambi ya darasa la nne au la saba. Mwaka 2023 Serikali ililazimika kutoa waraka kuzuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Yaani tulifika mahali ambapo mtoto wa miaka mitano analala bwenini, na ikahitajika dola kutwambia hapana.

Siwalaumu wazazi kwa wepesi. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 5.3 katika mkoa wa Dar es Salaam, na uwanja tuliochezea sisi una ghorofa juu yake. Bodaboda haipigi honi kabla ya kumgonga mtoto. Habari za watoto kufanyiwa ukatili na watu wa karibu si uvumi. Wachungaji tunazisikia ofisini, na baada ya kuzisikia nasi hatulali. Mama anayemfungia mtoto ndani hadi arudi kazini anampenda. Anayelipa tuisheni kwa mkopo wa kikoba anampenda. Kwa hiyo swali langu haligusi upendo wao. Linahusu kile ambacho mtoto anajifunza kumhusu Mungu kutokana na ratiba yake.

Katika darasa la kipaimara tunawafundisha watoto Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529. Wanakariri ufafanuzi wa kifungu cha kwanza cha Imani: kwamba mwili, akili, chakula, nyumba na vyote walivyo navyo wamepewa na Mungu kwa wema wake wa kibaba, wala si kwa sababu wanastahili. Wanaukariri bila kukosea. Kisha wanarudi katika wiki ambayo ndani yake hakuna hata nusu saa waliyopewa bure. Kila saa inadai alama, na kila alama ina nafasi yake kwenye orodha ya darasa. Mtoto ana miaka kumi na tatu, na kwa siku sita na nusu maisha yanamfundisha kuhesabiwa haki kwa matendo. Sisi tunapewa saa mbili za Jumamosi kumfundisha kinyume chake. Nani atashinda?

Siku moja mwalimu wa kipaimara katika usharika ninaohudumu alichelewa, nami nikawaambia vijana watoke nje wacheze mpaka afike. Walisimama ukutani. Baada ya muda binti mmoja alikuja kuniuliza kwa adabu kabisa: "Mchungaji, tucheze mchezo gani, na nani atakuwa mwamuzi?"

Maandiko hayana aibu na jambo hili kama tulivyo sisi. Katika Mithali 8:30-31 Hekima yuko mbele za Mungu wakati misingi ya dunia inawekwa. Biblia yetu ya Kiswahili inasema alikuwa akifurahi, na ni sawa, lakini kitenzi cha Kiebrania ni kilekile cha kucheza. Kitenzi hichohicho kiko katika Zaburi 104:26, pale Mungu anapoliumba dude kubwa la baharini ili licheze humo. Halina kazi nyingine iliyotajwa. Yesu naye, katika Mathayo 11:16-17, anawafananisha watu wa kizazi chake na watoto waliokaa sokoni wakibishana kuhusu mchezo, wengine wakitaka harusi na wengine msiba. Asingeutumia mfano huo kama asingewahi kusimama akawasikiliza.

Lakini mahali ninaporudi zaidi ni Zekaria 8:4-5. Nabii anasema na watu waliorudi kutoka uhamishoni, karibu mwaka 520 kabla ya Kristo. Mji ni magofu, ukuta haupo, hekalu linajengwa kwa kusuasua. Anapotafuta ishara ya kuwaonyesha kwamba Bwana amerudi Yerusalemu, anataja mambo mawili: wazee wameketi njiani kila mmoja na mkongojo wake kwa sababu ya wingi wa siku, na njia zimejaa wavulana na wasichana wanaocheza. Wahubiri huwa tunayatenganisha, wazee katika siku yao na watoto katika yao. Nabii ameyaweka pamoja, na nadhani alijua sababu. Watoto waliweza kucheza njiani kwa kuwa palikuwa na mtu aliyeketi hapo, asiye na haraka, asiyewafundisha kitu, ila anawaona. Uwanja wa kombolela nao ulikuwa na bibi yake, anachambua mboga kibarazani, na hakuna mgeni aliyepita bila yeye kumwuliza anatoka wapi.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 8, imeweka haki ya kucheza na kupumzika katika orodha moja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Marekani, mwaka 2018, chama cha madaktari wa watoto kiliwashauri wanachama wake wawaandikie watoto kucheza kama wanavyowaandikia dawa. Serikali na madaktari wamesema. Kanisa lina kitu ambacho wao hawana kwa urahisi, nacho ni ardhi. Katika miji mingi kiwanja kikubwa chenye ukuta, geti, choo na mti wa kivuli, kilichobaki bila ghorofa, ni cha usharika. Tumekifanyia nini? Mbele tumejenga fremu za maduka. Ubavuni tumetandaza vitofali vya maegesho, yanayojaa Jumapili kwa saa nne na kubaki matupu siku sita. Pembeni kuna bustani ya maua na kibao cha kukataza kukanyaga nyasi.

Mwaka huu nilileta kwenye baraza la wazee wa usharika ombi kwamba geti la nyuma liwe wazi Jumamosi kuanzia saa tisa hadi saa kumi na mbili jioni, bila mwalimu, bila somo, bila kwaya, na kipaimara kihamie asubuhi. Mjadala ulikuwa mrefu kuliko ule wa bajeti. Mmoja aliuliza watoto watakuwa wanajifunza nini. Mwingine, mwalimu mstaafu, aliuliza nani atawasimamia, akajibiwa na mama mmoja wa Umoja wa Wanawake: ni yeye, na kazi yake itakuwa kuketi chini ya mwembe na kunyamaza. Alicheka, akakubali, kwa sharti la kuletewa kiti chenye egemeo. Geti linafunguliwa. Suala la vioo vya madirisha ya upande wa madhabahu limeahirishwa hadi kikao kijacho.